Saa Moja ya Binti Yangu Haikuwa Kosa

Binti yangu ana miaka sita. Juzi alirudi na daftari kutoka shule ile ya Kiingereza tunayojibana kuilipia. Kulikuwa na picha ya saa, mshale mfupi uko kwenye 7, na kijua kinachomoza pembeni. Aandike ni saa ngapi. Akaandika 1. Alichorewa kosa kwa wino mwekundu, kubwa kuliko jibu lenyewe.

Najua mwalimu alitaka nini, na sikatai kwamba siku moja atahitaji kusoma saa ya namna hiyo. Lakini kwetu hesabu huanza jua likitoka. Mwenzetu Mwingereza kaamua kuanza kuhesabu usiku wa manane, watu wamelala. Mtoto aliangalia jua akajibu. Mimi nasema mtoto wa umri huu afundishwe anga kwanza, saa ya boksi la karatasi ije baadaye.

Jumamosi tukachomeka mpini wa fagio uani, hapa Nkuhungu, Dodoma. Kila saa nikimwita aweke jiwe pale kivuli kinapoishia. (Tunaangalia kivuli, jua lenyewe halitazamwi kwa macho, hilo nilimrudia mara tatu.) Saa sita kamili nikatangaza kwa majivuno kwamba sasa kivuli ndiyo kifupi kuliko vyote. Kikaendelea kufupika. Mpaka karibu saa sita na dakika arobaini ndipo kikaanza kurefuka tena, na binti ananiangalia kama mtu aliyedanganywa.

Ikabidi nikumbuke jiografia. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita mbali huko baharini. Dodoma tuko karibu nyuzi 36. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua linafika kilele chake kwetu zaidi ya nusu saa baada ya saa ya ukutani kusema adhuhuri. Mtoto hakujali longitudo. Alichoshika ni kwamba jua na saa ya baba havikubaliani, na jua halikuomba radhi.

Kingine: mwezi huu wa Juni kivuli cha adhuhuri kinaelekea kusini, kwa sababu jua liko kaskazini yetu. Desemba kitageukia kaskazini. Mwanzoni mwa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua litasimama juu yetu kabisa na fagio litameza kivuli chake. Mtoto wa London hatakaa aone hilo nyumbani kwao. Wetu wanalo bure, halafu tunawapa vitabu vyenye picha za majira manne na theluji.

Mwezi nao ni rahisi zaidi, maana lugha imeshafanya nusu ya kazi: wa angani na wa kalenda ni neno moja. Wakati wa Ramadhani mtaa mzima unautafuta mwandamo, ukishapita tunasahau kuinua shingo. Nilimchorea visanduku 30, kila jioni achore umbo aliloliona. Baada ya mwezi mpevu akaanza kulalamika kwamba mwezi unachelewa. Kweli, kila siku unachelewa kuchomoza kwa kama dakika 50, na ulipofika saa za yeye kulala, visanduku vikabaki vitupu. Asubuhi moja akauona mweupe magharibi wakati anapiga mswaki. Akakimbia kuchukua penseli na povu mdomoni.

Bibi yake alipopigiwa simu akacheka, akauliza kama tumemwonyesha Kilimia. "Kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua," alisema. Ndivyo ilivyo huku kwetu: mvua zinakatika Aprili hivi, kile kifungu cha nyota kinazama magharibi jioni, kisha Juni kinarudi mashariki kabla ya kupambazuka, wakati wa upepo na baridi kavu. Jina lenyewe linatoka kwenye kulima.

Basi jana tuliamka saa kumi na moja na robo alfajiri. Taa za mji zimeongezeka mno tangu Serikali ihamie, ikabidi tuzunguke nyuma ya nyumba, yeye kajifunga kitenge cha mama yake. Akahesabu nyota sita. Mimi, bila miwani, niliona ukungu tu.