Mtafiti mwanafunzi naye analipa kodi ya nyumba

Serikali inapotangaza ufadhili wa utafiti kwa wahitimu wa sayansi, kinachovuma ni idadi ya nafasi, fani za kipaumbele na tarehe ya mwisho ya kutuma maombi. Mimi hutafuta kwanza jambo moja: posho ya kujikimu ni kiasi gani, na mara ya mwisho ilipandishwa lini.

Tazama Brazil. Mashirika yake mawili makubwa ya kufadhili watafiti, CNPq na CAPES, yote yalianzishwa mwaka 1951, na yamesomesha vizazi vya wanasayansi. Ni kazi ya kujivunia. Lakini kuanzia 2013 posho iliganda. Mwanafunzi wa uzamivu alipokea reali 2,200 kwa mwezi, mwaka nenda mwaka rudi, huku bei za vitu zikipanda, hadi 2023 posho ilipofikishwa reali 3,100. Miaka kumi. Mtu aliweza kuanza uzamili, akamaliza, akaingia uzamivu, akamaliza, bila kuona nyongeza hata ya senti.

Posho ikiganda, mchujo hubadilika kimyakimya. Kwenye karatasi wanashindana wote, ila anayebaki ni yule ambaye nyumbani wanaweza kumwongezea. Asiye na wa kumshika mkono hupiga hesabu, akaacha. Au anakubali, kisha jioni anafundisha tuisheni ili afike mwisho wa mwezi. Na maabara haijui jioni wala Jumapili. Seli zinazokuzwa kwenye vyombo zinataka kubadilishiwa lishe kila baada ya siku mbili tatu; zikikosa, zinakufa, na jaribio la wiki kadhaa linaanza upya. Hapo fedha ya umma imepotea kweli, kemikali na muda wa mashine vikiwemo, kwa sababu ya kubana posho.

Wapo wanaosema huyu ni mwanafunzi tu, anajifunza, ashukuru kwa alichopewa. Sikubaliani nao hata kidogo. Anaendesha mashine, anakusanya data, anawaelekeza wanaomfuata, na matokeo yake yanaingia kwenye ripoti za taasisi. Hiyo ni kazi. Mpango wa Umoja wa Ulaya unaobeba jina la Marie Skłodowska-Curie umelielewa hili: kwa kawaida wanafunzi wake wa uzamivu huajiriwa kwa mkataba wenye hifadhi ya jamii. Marekani nayo, katika ufadhili ulioanza 1952 chini ya NSF, shirika la serikali linalofadhili sayansi, humchagua mwanafunzi mwenyewe badala ya mradi wa profesa, na humlipa miaka mitatu ndani ya kipindi cha mitano. Napenda sana utaratibu huo, kwa kuwa msimamizi hawi tena mshika mkoba. Akigombana naye, mwanafunzi hapotezi chakula chake siku hiyohiyo.

Kwa anayeomba sasa: kabla ya kusaini, uliza malipo ya kwanza yanaingia baada ya muda gani, maana ucheleweshaji wa mwanzoni ndio unaowaingiza wengi kwenye madeni. Uliza pia bima ya afya na likizo ya uzazi. Si utovu wa adabu.

Kwa wanaopanga bajeti, ombi langu ni kwamba tangazo lenyewe liandike kuwa posho itapitiwa kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei. Kama fedha hazitoshi, afadhali nafasi zipungue kuliko kutangaza nyingi ambazo haziwezi kumlisha mtu.