Romney hakuangushwa na walibertari

Kulipopambazuka Novemba 7, 2012, Kogelo walikuwa wanacheza. Kijiji cha baba yake Barack Obama kule Siaya kilikesha kikisubiri matokeo ya uchaguzi wa rais wa Marekani, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilifurahi pamoja nacho. Katika furaha ile hatukuona haja ya kuwasikiliza walioshindwa. Tulichukulia kwamba ni watu wasiotaka rais mweusi, basi, habari imeisha. Wa namna hiyo walikuwepo. Lakini kambi ya Mitt Romney, mgombea wa Republican aliyeshindwa na Obama, ilikuwa na watu wa fikra mbalimbali, na ugomvi uliozuka kati yao baada ya kushindwa ulikuwa na hoja ambazo hadi leo hazijatendewa haki.

Mshtuko wao ulikuwa wa kweli. Siku ile ya kura Romney aliwaambia waandishi wa habari ndani ya ndege kwamba ameshamaliza kuandika hotuba ya ushindi, maneno 1,118, na kwamba ya kushindwa hajaiandika. Usiku, kituo cha televisheni cha Fox News kilipotangaza kuwa Obama amechukua Ohio, Karl Rove, mpanga mikakati wa ushindi wa George W. Bush mara mbili, alikuwa studio humo humo akichambua matokeo, na akagoma kukubali. Mtangazaji Megyn Kelly ikabidi ainuke, akapita ukumbini huku kamera ikimfuata, hadi chumba cha wataalamu wa hesabu kuwauliza kama wana uhakika. Wakajibu kwamba wanao. Mwisho wa yote Obama alikuwa na kura 332 za wajumbe wa majimbo, ambazo ndizo zinazoamua mshindi, Romney 206, na tofauti ya kura za wananchi ilikuwa karibu milioni 5.

Lawama hazikuchelewa, na nyingi ziliwaangukia walibertari: watu wanaotaka serikali iache kuingilia mfuko wa mtu, simu yake na chumba chake cha kulala, tena isipeleke vijana vitani ng'ambo kila mara. Baadhi yao walimkataa Romney wakampigia Gary Johnson, gavana wa zamani wa New Mexico aliyegombea kwa tiketi ya chama cha Libertarian. Johnson alipata zaidi ya kura 1,275,000, karibu asilimia 1 ya kura zote. Wahafidhina wengi waliwaona hawa kama wasaliti.

Uchungu wao unaeleweka. Juni mwaka ule Mahakama ya Juu iliiacha hai sheria ya bima ya afya ya Obama kwa majaji 5 dhidi ya 4, na aliyeiokoa ni Jaji Mkuu John Roberts, aliyeteuliwa na Bush. Tumaini kubwa lililobaki la kuifuta lilikuwa kumpata rais mwingine. Majaji Antonin Scalia na Anthony Kennedy wote walikuwa na umri wa miaka 76, kwa hiyo mustakabali wa mahakama yenyewe ulikuwa kwenye sanduku la kura. Ukiyajua hayo, halafu ukamwona mtu anayeichukia sheria ile ile akienda kumpigia mgombea ambaye hana hata jimbo moja la kushinda, lazima uudhike.

Lakini hesabu inakataa. Florida, jimbo ambalo Romney alilikaribia zaidi kuliko mengine yote aliyoyapoteza, Obama alimpita kwa kura 74,000 na ushee. Johnson alipata pale chini ya 45,000. Ohio tofauti ilizidi 166,000, na kura za Johnson hazikufika 50,000. Virginia tofauti ilikuwa karibu 149,000, Johnson akiwa na 31,000 na kidogo. Pitia majimbo yote aliyochukua Obama, moja baada ya jingine: hakuna hata moja ambako kura za Johnson ziliizidi tofauti kati ya wale wakubwa wawili. Mkabidhi Romney kila kura ya Johnson, bila kubakiza hata moja, na bado atabaki na wajumbe wake 206.

Tena kumkabidhi zote ni ukarimu uliopitiliza. Aliyempigia Johnson kwa sababu ya bangi au kwa sababu ya vita, nani kasema asingekuwepo Johnson angemfuata Romney? Wengine wangebaki nyumbani. Wengine wangempa Obama. Nimelikalia jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu lawama hii inarudiwa kila uchaguzi kana kwamba imeshathibitishwa, na kwa mwaka 2012 haina mguu wa kusimamia.

Swali ambalo wahafidhina walipaswa kujiuliza ni kwa nini watu hawa waliondoka, na jibu lilikuwa wazi tangu mkutano mkuu wa chama uliofanyika Tampa mwezi Agosti. Wafuasi wa Ron Paul, mbunge wa Texas aliyekuwa sauti ya walibertari ndani ya Republican, walikuwa wamefuata taratibu zote na kuchukua wajumbe 20 kati ya 24 wa jimbo la Maine kwenye mkutano huo. Viongozi wa chama wakawanyang'anya nusu na kumpa Romney. Baadhi ya watu wa Maine wakatoka nje ya ukumbi. Kanuni zikabadilishwa ili jina la mgombea lisiingie kwenye kinyang'anyiro mpaka awe na wajumbe wengi katika majimbo 8, wakati zamani yalitosha 5. Na majimbo yalipokuwa yakisoma kura zao, jukwaani zilirudiwa za Romney tu. Za Ron Paul zilitajwa na wajumbe wenyewe, kisha zikapita kimya. Unamfanyia mtu hivyo mwezi Agosti, halafu Novemba unamdai uaminifu?

Juu ya hapo kulikuwa na mgombea mwenyewe. Mtu aliyetakiwa kuifuta sheria ya Obama alikuwa ndiye aliyetia saini sheria ya Massachusetts mwaka 2006, iliyomlazimisha kila mtu kuwa na bima. Obama alipotia saini sheria ya bajeti ya ulinzi Desemba 31, 2011, ikiwa na vifungu vinavyoruhusu watuhumiwa wa ugaidi kuzuiliwa bila kikomo, walibertari walipiga kelele. Romney alipoulizwa kwenye mdahalo wa South Carolina Januari 2012, alisema naye angeitia saini. Kwa mtu anayeamini kwamba serikali haina haki ya kumweka raia ndani bila kumfikisha mahakamani, chaguo hapo liko wapi?

Kuna mahali ambapo wahafidhina wana haki kabisa, nako ni Montana. Katika kiti cha Seneti, Jon Tester wa Democratic alimshinda Denny Rehberg kwa kura kama 18,000, na mgombea wa Libertarian, Dan Cox, akachukua zaidi ya 31,000. Hapo mtu anaweza kusema kwa nguvu kwamba kura ziligawanyika na mpinzani akanufaika. Nakubali. Ila hata Montana haikuwa peke yake ndiyo iliyowanyima Seneti. Missouri na Indiana, majimbo aliyoshinda Romney, ziliponyoka baada ya Todd Akin na Richard Mourdock kutoa kauli zao kuhusu ubakaji na mimba. Makosa hayo yalitoka kwa wahafidhina wenyewe.

Usiku huo huo, sehemu ya hoja za walibertari ilishinda. Colorado na Washington zilihalalisha bangi, na kule Colorado pendekezo hilo lilipata kura nyingi kuliko Obama mwenyewe, ambaye alilichukua jimbo. Chama kilichokuwa kinalia kwamba vijana wamekikimbia kilikuwa na hoja hiyo mkononi, na hakikuigusa. Ripoti ya kujitathmini iliyotolewa na uongozi wa Republican Machi 2013 ilisisitiza zaidi uhamiaji na Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao walimpa Romney asilimia 27 tu. Sawa, tatizo hilo lilikuwepo. Lakini wale waliotoka Tampa na hasira zao walibaki bila jibu.

Wiki mbili hivi kabla ya ripoti ile, Machi 6, Rand Paul, seneta wa Kentucky na mtoto wa Ron Paul, alisimama Seneti akazungumza karibu saa 13 kuzuia uteuzi wa John Brennan kuongoza CIA, akitaka serikali itamke wazi kama inaweza kumuua raia wa Marekani kwa droni ndani ya nchi yake. Maseneta wa Republican wakaanza kuingia mmoja mmoja kumuunga mkono, na hata Mitch McConnell akafika. Waliolaumiana Novemba walikuwa chumba kimoja, upande mmoja. Siku iliyofuata maseneta wenzake wa Republican, John McCain na Lindsey Graham, walisimama Seneti kumshambulia, na baadaye McCain akamwita yeye na wenzake ndege vichaa. Mimi nawaona McCain na Graham kuwa ndio waliokosea hapo, maana swali aliloliuliza Paul lilikuwa la haki, na Mwanasheria Mkuu Eric Holder alilijibu kwa barua siku hiyo hiyo ya Machi 7: hapana, rais hana mamlaka hayo dhidi ya raia asiyeshiriki mapigano katika ardhi ya Marekani.