Daktari ameapa, sawa, lakini aliapia nani?

Kila madaktari wakigoma hapa Kenya, siku ya pili tu utasikia watu wanauliza: si hawa waliapa? Kwenye ule mgomo wa 2024 nilimsikia mama mmoja kwenye matatu akiuliza hivyo, kwa uchungu kabisa, na siwezi kumlaumu.

Shida kubwa kwenye mgomo ule ilikuwa madaktari wanagenzi, hao maintani. Mtu amesoma miaka sita, na kabla apewe leseni kamili lazima afanye mwaka mzima hospitalini chini ya wakubwa wake. Mkataba wa 2017 kati ya serikali na chama chao KMPDU ulikuwa umeweka malipo yao kama shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikaja ikasema pesa hakuna, watapewa 70,000. Na huo mkataba haukuokotwa njiani, ulipatikana baada ya mgomo wa siku 100, viongozi saba wa chama wakatupwa jela Februari 2017 kwa kukataa kuusimamisha. Sasa wewe umeweka sahihi, halafu unageuka unamwambia kijana akumbuke kiapo chake?

Lakini ngoja, yule mama wa matatu pia ana haki yake. Siku hizo za mgomo tulimpeleka jirani yetu hospitali ya umma, uchungu wa kuzaa umemshika, saa saba usiku, mlinzi akaja getini akatuambia hakuna daktari jaribuni praiveti. Praiveti nao wakataka deposit kwanza. Tukasimama hapo nje tunapigia watu simu tuchangiwe kwa M-Pesa, mia mbili hapa, mia tano pale, na yeye ameinama ameshika mlango wa gari. Huyo hakuvunja mkataba na mtu yeyote. Wenye bima nzuri walikuwa wanatibiwa kama kawaida, aliyeumia ni yule hana pa kwenda. Na Katiba yenyewe inabeba pande zote mbili, kifungu cha 41 kinampa mfanyakazi haki ya kugoma, cha 43 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Binamu yangu alikuwa intani. Siku moja yuko leba anataka kumshona mama aliyechanika, glavu zimeisha wodi nzima, mume ametumwa kemisti ya nje akanunue. Yeye amesimama hapo mikono hewani anangoja, damu inatoka. Aliniambia zile dakika zilimuuma kuliko mshahara kuchelewa, ingawa mshahara pia tusiufiche, mgomo wa 2024 ulikuwa wa pesa na hakuna aibu hapo, kodi ya nyumba hailipwi na kiapo na HELB, wale wa mikopo ya wanafunzi, nao wanangoja loni yao irudi.

Tena kiapo kinachotumika siku hizi, kile cha Geneva cha 1948, kinamtaka daktari aweke afya ya mgonjwa mbele, lakini kilipofanyiwa marekebisho 2017, mwaka uleule wa siku 100, kiliongezwa kwamba daktari ataangalia pia afya yake mwenyewe ili aweze kuhudumia vizuri. Kwa hivyo ukimkeshesha mtu wodini hadi anasinzia akiandika dozi, unamfanya avunje kiapo unachomdai akitunze.

Mimi naona kiapo ni cha mgonjwa, sio cha mwajiri. Serikali haiwezi kujificha nyuma yake. Lakini kwa sababu hiyohiyo, mgomo ukifika mahali kasualti na leba zinafungwa, hapo siwaungi mkono. Najua wanachosema, kwamba ukiacha kasualti wazi serikali inakaa tu imetulia na mgomo unakuwa wa miezi, na kweli huu wa 2024 ulichukua siku 56, na suala la malipo ya maintani likafika mpaka Desemba ndio likakubaliwa. Hiyo ni hoja nzito. Bado siwezi kukubali presha ya kusukuma wizara itoke kwenye tumbo la jirani yangu.

Katikati ya ule mgomo, usiku, mtoto wa ploti anayokaa binamu yangu alishikwa na degedege, majirani wakaja wakamgongea mlango. Alitoka na leso, na kipimajoto chake mwenyewe, akakaa na huyo mtoto mpaka gari ikapatikana. Asubuhi akavaa koti lake jeupe akaenda maandamano.