Andiko Ulilopewa Peke Yako

Kijana mmoja wa kwetu, fundi umeme hapa Moshi mjini, mwaka juzi mwezi Novemba alikuwa akisoma Biblia yake alfajiri kama alivyozoea, akafika Mwanzo 12: "Toka wewe katika nchi yako, na jamaa zako, na nyumba ya baba yako." Neno likamgusa. Akakaa nalo wiki nzima, akalifungia siku tatu, akatoka na uamuzi: Krismasi hapandi nyumbani, na mambo ya ukoo basi. Kutoka Pasua anakoishi hadi kwao mlimani ni daladala moja na bodaboda. Mama yake alimsubiri hadi usiku wa tarehe 26, kisha akamwuliza binti yake kama kaka mtu anaumwa.

Kwa asiyezijua desturi za huku: Desemba Mchaga hupanda nyumbani hata kama anaishi Mwanza au Dar es Salaam. Mbuzi huchinjwa, makaburi yaliyo kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, hupaliliwa, ugomvi wa mpaka uliolala tangu Pasaka huamshwa. Usipopanda umetuma ujumbe, na ukoo mzima utausoma.

Habari hiyo ilifika kwenye ibada yetu ya nyumba kwa nyumba, ikala jioni nzima. Mzee wa kanisa akasema hayo ndiyo matunda ya kila mtu kuwa mchungaji wake mwenyewe. Biblia isomwe kanisani na jumuiyani, nyumbani mtu asali alale. Dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akamjibu kwa adabu lakini bila kurudi nyuma: "Mzee, hivyo mnataka turudi enzi za kusomewa?" Tangu jioni ile nimekuwa nikiyageuza maneno yao, kwa sababu naona kila mmoja ameshika ukweli na kuuachia mwingine.

Nianze na mwalimu, maana upande wake una ushahidi mzito, na mwingine umeandikwa kwa machozi ya mji huu. Februari 1, 2020, hapa Moshi, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Sisemi waliokufa hawakuwa wasomaji wa Biblia. Walikuwa watu wenye shida kama sisi, na walioshindwa kupanga njia za kutokea uwanjani hawakuwa wao. Ninachosema ni kwamba andiko la mafuta lipo, Yakobo 5:14, na yeyote anaweza kulifungua: "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee, na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana." Angalia nani anatembea. Mgonjwa amelala kwake, wazee ndio wanaomfuata na kichupa chao. Mtu aliyewahi kuusoma mstari huo mwenyewe, taratibu, amepata kipimo ambacho hakuna spika inayoweza kumnyang'anya. Ndicho walichosifiwa watu wa Beroya katika Matendo 17: walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakaenda kuchunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Kama Paulo alihakikiwa, sioni mhubiri wa uwanjani wa kuachwa.

Lakini mstari huohuo wa Yakobo unampa mzee wa kanisa pointi yake. "Amekuwa hawezi" ni Kiswahili cha Union Version, Biblia iliyotoka nzima mwaka 1952, na maana yake ni kwamba anaumwa. Mtoto wangu wa kidato cha pili alipousoma aliniuliza: hawezi nini? Mbaya zaidi ni Matendo 8, pale Filipo anapomwuliza towashi wa Kushi juu ya gari lake, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Vijana watatu niliowapima na swali hilo walidhani kuna kitu kinaelea juu ya maji. Filipo alikuwa anauliza tu kama yamemwingia akilini. Na jibu la towashi ndilo mzee wetu angependa libandikwe ukutani: "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Yule hakuwa mbumbumbu. Alikuwa ofisa mkubwa wa malkia, mwenye kitabu cha nabii Isaya mikononi, anasoma kwa sauti njiani. Bado alihitaji mtu apande gari akae naye.

Huku Kilimanjaro tumelelewa na uongozi wa namna hiyo. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893 na Katekisimu Ndogo ya Luther, kitabu cha mwaka 1529 ambacho kila aliyepita kipaimara amekikariri: amri, kisha swali, maana yake nini, kisha jibu. Nilifundishwa swali na jibu kwa pamoja, na kofi dogo nikikosea. Wakatoliki wa Kilema na Kibosho nao walikuwa na katekisimu yao, na mpango ulikuwa uleule. Malezi hayo yalitupa lugha moja ya imani. Yalituachia pia pengo: ukifungua Biblia peke yako saa kumi na moja alfajiri, swali la maana yake nini lipo, ila jibu halijachapishwa chini yake. Wengi wetu tunaliziba pengo hilo kwa lile lililokuwa moyoni tayari kabla ya kufungua kitabu. Yule fundi, nimekuja kujua, alikuwa na deni la michango ya ukoo na maneno makali na baba yake mdogo. Mwanzo 12 ilimkuta amekwisha kufunga begi.

Na hilo si jambo la vijana wa simu na andiko la siku. Mfano wa zamani kabisa ninaoujua wa mtu kujisomea Biblia na kuitumia papo hapo katika eneo hili unamhusu Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyeuona mlima wetu na theluji yake Mei 11, 1848. Katika safari ileile, akiwa ametulia chini ya mti, aliendelea na usomaji wake wa kawaida, na zamu ilikuwa ya Zaburi ya 111. Aliandika kwamba mstari wa 6 ulieleza vizuri kabisa kile alichokihisi moyoni alipouona mlima. Mstari wenyewe ni huu: "Amewajulisha watu wake uwezo wa matendo yake, kwa kuwapa urithi wa mataifa."

Nimeusoma mara nyingi huku nikiutazama Kibo kutoka barabara ya kwenda Rau, mawingu yakijaliwa kuachia. Sina shaka na moyo wa Rebmann. Alikuwa anamsifu Mungu, na urithi aliouwaza pengine ni wa roho za watu. Lakini mataifa katika mstari ule, kwa jinsi alivyouelekeza, ni sisi. Mlima ulikuwa na wenyewe, wenye vihamba, mifereji na wamangi, yaani machifu wao, na chini ya mti ule hapakuwa na Mchaga hata mmoja anayesoma naye Zaburi ile, wa kumwambia: ngoja kidogo, urithi wa nani? Baadaye walikuja Wajerumani wengine ambao urithi kwao ulikuwa ardhi, na Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Old Moshi. Simbebeshi Rebmann kitanzi hicho. Nasema tu kwamba ibada yake ya siri ilikuwa safi, ya utaratibu na yenye hisia za kweli, na hayo yote matatu hayakumwonyesha ni nani mstari ule unamkalia.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na mzee wetu. Dawa yake ni kikundi, na kikundi kina ugonjwa wake. Nimekaa kwenye fellowship miaka mingi, naujua mtindo. Andiko linasomwa, mwenye sauti nene anafafanua, tunasema amina, chai inaletwa. Kwa miaka hiyo yote sijasikia mtu akimwambia mwenye nyumba, "Hapo umekosea." Anayetaka kuona kikundi cha kujifunza neno kikiharibikiwa asome Ayubu: marafiki watatu, baadaye wanne, wote wanamjua Mungu, wote wana hoja, wamemzunguka mgonjwa mmoja na kumtumia mafundisho yao sura kwa sura. Mwishoni Mungu anawaambia wale watatu kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, aliyekuwa peke yake akikuna majipu kwa kigae. Kuwa wengi hakukuwasaidia.

Kwa hiyo mimi naona swali la peke yako au kikundini halitupeleki mbali. Kujisomea, mtu ajisomee apendavyo, alfajiri, kwenye daladala, akingoja namba yake hospitali ya KCMC. Ninachokitilia shaka ni kutumia, maana matumizi ya andiko huku kwetu ni nadra kuishia kwa msomaji. Kuna maandiko yanayonidai mimi: niache kusema uongo, nirudishe hela ya watu, nimsamehe shemeji. Hayo sihitaji kikao; kikao kitakuwa njia ya kuchelewesha. Kuna mengine ambayo nikiyatii, gharama inamwangukia mtu mwingine: mama anayesubiri mlimani, mke anayeambiwa atii, mgonjwa anayeambiwa aache vidonge kwa kuwa amekwisha kupona kwa imani. Hayo ningependa yasomwe mbele ya huyo yatakayemwangukia kabla hayajawa neno la Bwana. Mchungaji anaweza kuwepo au asiwepo. Huyo ndiye asikose.

Yule fundi angemsomea mama yake Mwanzo 12, nina hakika angepata somo. Mama zetu hawa wamekariri Biblia kuliko tunavyodhani. Angemkumbusha kwamba Abrahamu yuleyule, katika sura ya 24, alipotaka mke wa Isaka alimtuma mtumishi arudi kwenye nchi yake na jamaa zake. Na kijana naye angelazimika kusema kwa mdomo lile deni na yale maneno ya baba mdogo, ambayo huenda yalikuwa sababu tosha ya kukaa mbali kwa muda, bila kumsingizia Mungu.

Najua udhaifu wa kipimo changu, na mwalimu yule aliuona kabla yangu. Je, kama anayeguswa na andiko ndiye mwenye nguvu? Utamsomea anayekunyima haki, akupe ruhusa ya kuidai? Hakuwa anauliza kwa nadharia. Baba yake ameacha kihamba, na yeye ana kaka watatu. Kwa mila zetu kihamba ni cha wana wa kiume, na binti anahesabiwa kuwa ameondoka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi, lakini sheria iko mbali na migomba. Kilichompa ujasiri alikipata peke yake usiku: Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi waliodai urithi wa baba yao, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Amesali usharika uleule tangu ubatizo na hajawahi kulisikia likihubiriwa. Kama angengoja kusomewa, angengoja sana.

Hata hivyo tazama wale mabinti walivyofanya. Hawakwenda kuhamisha mipaka usiku. Walisimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, mlangoni pa hema, wakasema kwa nini jina la baba yao lipotee. Mungu akasema wamenena haki. Na habari haikuishia hapo. Katika sura ya 36 wazee wa ukoo wanarudi na pingamizi, kwamba wakiolewa nje ardhi itahama kabila, na uamuzi unaongezewa sharti. Yaani ndani ya Biblia yenyewe matumizi ya neno lile yalibishaniwa hadharani mara mbili, na wenye kuguswa wakiwepo pande zote.

Mwalimu alimpelekea kaka yake mkubwa sura ya 27 kwa simu. Kaka, ambaye ni mwinjilisti na si mtu wa kuchezea, akamjibu kwamba asome vizuri mstari wa 8: binti anarithi iwapo marehemu hana mtoto wa kiume, na baba yao aliacha watatu. Hoja hiyo ni ya haki na ilimkata maini. Alikuja nayo kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, akaisoma, safari hii bila kufafanua. Tukakaa kimya hadi mama mmoja muuza nguo Kiboriloni, ambaye huwa hasemi, akauliza kama hatukuisoma Ayubu mpaka mwisho. Sura ya 42, mstari wa 15: Ayubu aliwapa binti zake urithi pamoja na ndugu zao wa kiume. Alikuwa na wana saba.

Mwalimu ameutuma mstari huo. Kaka amejibu kwamba ameuona, na kwamba Ayubu aligawa akiwa hai. Kikao kimewekwa Desemba 27, wote wakiwa wamepanda, na mwalimu ameombwa aje na Biblia yake.