Ukurasa wako ukifika darasani

Wenzangu tunaoandika kwa Kiswahili mtandaoni hapa Uganda huwaka wakisikia mwalimu kachukua makala yao bila kuomba. Sioni sababu ya hasira. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inaruhusu kazi iliyochapishwa itumike kufundishia, mradi matumizi yawe ya haki na mwandishi atajwe. Mimi nauliza kinyume chake: sisi tunalo deni kwa darasa ambalo hatukulialika?

Tunalo, ila dogo. Sidaiwi kuandika kama mtunzi wa vitabu vya kiada, wala kufuta shairi la mapenzi kwa kumhofia mwanafunzi wa kidato cha pili. Kuchagua ni kazi ya mwalimu, naye kasomea.

Lakini tazama ukurasa unavyomfikia huyo mwalimu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unataka mwanafunzi atafiti na afanye miradi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, likapendekeza pia kifundishwe kwa lazima na kitahiniwe. Vitabu bado haba. Basi mwalimu wa Kitgum au Kisoro anafungua simu yake, kwa bando lake, ambalo tangu Julai 2021 linatozwa kodi ya asilimia 12, kisha ananakili ubaoni maana wanafunzi wengi hawaruhusiwi simu shuleni. Video niliyoiweka ijicheze yenyewe imemlia bando kabla hajaona aya ya kwanza. Na pale penye projekta (na umeme, siku ukiwepo), ukurasa unarushwa ukutani, na katikati ya somo la ngeli linachomoza tangazo la kamari.

Tangazo hilo nimeliruhusu mimi, kwa visenti ambavyo, tuseme kweli, mwezi mzima huenda visinunue rolex mbili, zile chapati za kuviringishia mayai. Huduma nyingi za matangazo zina sehemu ya kuzuia kamari. Ni suala la kubofya tu. Anayesema hana muda wa hilo simwelewi.

Mengine ni madogo. Jina la mwandishi na tarehe vikae juu, visibaki chini kabisa ambako fotokopi hukatia. Anwani ya ukurasa isibadilishwe ovyo, kwani mwalimu kaiandika kwenye azimio lake la kazi la muhula mzima. Na uwepo mstari mmoja wa ruhusa, kwa leseni huria ya Creative Commons au kwa maneno ya kawaida: walimu, nakilini, tajeni jina. Sheria ipo, sawa, lakini mwalimu gani ana muda wa kuisoma kabla ya kipindi?

Upole wangu unaishia hapo. Shule inayokusanya makala zetu, ikazifunga kijitabu na kuwauzia wanafunzi mwanzoni mwa muhula, naipelekea ankara.