"Anastaafu Lini?" Si Swali la Mtu Anayetazama

Mtelezaji wa barafu akishavuka miaka ishirini na tano, mashabiki wengi huacha kuuliza ameandaa programu gani msimu huu, kachagua muziki gani, nani kampangia hatua. Hubaki na swali moja tu: anastaafu lini? Carolina Kostner wa Italia aliandamwa na swali hilo miaka mingi, na wakongwe waliokuja baada yake wamelirithi. Mimi naliona ni swali la mtu ambaye hajatazama. Anayetazama kweli hapati wasaa wa kuliuliza, maana macho yake yana kazi nyingine.

Hapa Kigoma tunaofuatilia mchezo huu tunahesabika. Barafu tuliyoizoea ni ya Kibirizi, mabonge yanayopondwa na kumwagwa juu ya migebuka ili isafiri bila kuharibika. Ukimwambia mtu wa Mwanga kwamba uliamka saa kumi usiku kumwangalia mwanamke akiteleza kwenye barafu, atakuuliza kama u mzima. Lakini Februari 2018 ndivyo tulivyofanya. Ilikuwa Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini. Programu ndefu ya wanawake, ile ya mwisho inayofuata programu fupi, ilianza saa nne asubuhi kwa saa za kule, wakati huku hata adhana ya alfajiri bado. Alina Zagitova wa Urusi alikuwa na miaka 15, Kostner 31. Mpwa wangu, aliyekuwa akikaa kwetu, akaniuliza, "Mjomba, huyu dada si angeweza kumzaa yule mtoto?" Nikamwambia ndiyo, angeweza, sasa tulia umtazame.

Zagitova alipanga miruko yake yote nusu ya pili ya programu, kwa sababu kanuni za wakati ule ziliipa miruko ya nusu hiyo nyongeza ya asilimia 10. Akachukua dhahabu, na aliistahili kwa kanuni zilizokuwapo. Kostner alimaliza wa tano. Ukisoma jedwali peke yake utasema mkongwe alishindwa na zama zikampita. Mimi nilikuwa nimetazama kitu ambacho jedwali halikukionyesha, na ndicho ninachotaka kukieleza hapa.

Programu aliyoteleza siku ile iliwekwa kwenye muziki wa Debussy, ule wa alasiri ya kiumbe wa porini, nusu mtu nusu mbuzi. Si mara ya kwanza Kostner kuutumia. Msimu wa 2010-11, akiwa na miaka 24 ulipofika mwisho, alikuwa na programu ya muziki huohuo, na ndiyo iliyompa shaba ya Mashindano ya Dunia kule Moscow. Miaka saba baadaye akaurudia. Kwa shabiki hiyo ni zawadi kubwa: mtu yuleyule, muziki uleule, na kati yake maisha mazima yamepita.

Ziweke video hizo mbili moja baada ya nyingine. Bando litakwenda, lakini hutajuta. Katika ile ya kwanza unaona msichana mwenye kasi ya ajabu, mrefu, anayeukimbilia muziki ili aufikie. Mikono ni mizuri, umbo ni zuri, ila kuna mahali unahisi anahesabu, anauwaza mruko unaokuja. Katika ya pili hahesabu. Kiatu cha kuteleza kina kisu chenye kingo mbili, wa ndani na wa nje, na ustadi wote wa mchezo huu uko kwenye kujua unasimamia ukingo upi na umelala kiasi gani. Kostner wa miaka 31 analala upande hadi unadhani ataanguka, anavuta mkunjo mmoja mrefu unaokula nusu ya uwanja, na kasi haipungui. Muziki unapovuta pumzi, naye anavuta. Kichwa kinageuka baada ya mkono. Ni kidogo sana, lakini mtoto wa miaka 15 hawezi kukifanya, hata akiwa na kipaji cha namna gani, kwa sababu hicho hakifundishwi katika misimu miwili.

Na hebu fikiria kilichokuwa kimepita kabla ya video ya kwanza, na kati yake na ya pili. Alikwishafika Olimpiki ya Torino mwaka 2006 akiwa msichana wa nyumbani, ndiye aliyebeba bendera ya Italia, akamaliza wa tisa. Vancouver 2010 alianguka tena na tena, akawa wa 16. Watu wakamwandika kuwa kwisha kazi. Mwaka 2012 akawa bingwa wa dunia kule Nice. Sochi 2014 akateleza Boléro ya Ravel, akapata shaba. Halafu akafungiwa, kwa sababu alimsaidia aliyekuwa mpenzi wake, mwanariadha wa kutembea kwa kasi, kukwepa wapimaji wa dawa. Sitaki kulipamba hilo. Alikosea na akatumikia adhabu. Kisha akarudi akiwa karibu na miaka 30, na mwaka 2017 akapata tena medali ya Ulaya.

Mtu aliyemfuata tangu mwanzo hakuona ajali na miujiza iliyotengana. Aliona mtu mmoja akijifunza. Anayekuja kila baada ya miaka minne Olimpiki ikifika, akapiga makofi na kuondoka, haya hayapati kabisa.

Ipo hoja moja inayotolewa kwa sauti ya busara: "Awapishe vijana." Inasikika vizuri, na sisi tuliolelewa kuheshimu zamu tunaikubali haraka. Lakini katika mchezo huu haina miguu. Nafasi za nchi kwenye Mashindano ya Dunia hazigawiwi kama posho, zinatafutwa na waliocheza mwaka uliotangulia. Nchi yenye mtelezaji mmoja, akimaliza wa kwanza au wa pili, mwaka unaofuata inapewa nafasi tatu. Akiwa kati ya wa tatu na wa kumi, inapewa mbili. Akishuka chini ya hapo, inabaki na moja. Sasa niambieni, katika nchi ndogo isiyo na watelezaji wengi, nani ana uwezekano mkubwa wa kuingia kumi bora: kijana ambaye hajawahi kusimama mbele ya majaji wa dunia, au yule mama aliyesimama mbele yao mara kumi? Mkongwe akimaliza wa nane, kijana anapata tiketi. Kumwambia awapishe vijana ni kuwafungia vijana haohao mlango.

Watanzania tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengi. Septemba 2019 Taifa Stars ilipokutana na Burundi, majirani zetu wa hapo juu tu, kutafuta kufuzu Kombe la Dunia, golini alikuwa Juma Kaseja, kipa ambaye kwenye vijiwe vya kahawa alishazikwa kisoka siku nyingi. Mechi ya kwanza 1-1, ya marudiano Dar es Salaam 1-1, ikaenda kwenye matuta, na Stars ikapita. Sikumsikia mtu usiku ule akisema Kaseja angewapisha vijana. Kigoma tuna ndugu zetu Burundi na utani ulikuwa mkali kwa wiki nzima, kwa hiyo nakumbuka vizuri nani alisema nini.

Wapo wanaobaki wakati mwili umeshakataa, hilo nakubali. Kutua kutoka kwenye mruko kunaupiga mguu mmoja kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa, na hilo hurudiwa kila siku ya mazoezi kwa miaka. Nyonga, vifundo na mgongo huandika kila mruko. Kumtazama mtu akianguka mara nne katika dakika nne kunaumiza. Lakini ni maumivu yake, na ni yeye anayeamka asubuhi kuyabeba. Shabiki hana kiti kwenye kikao hicho.

Mwangalieni Deanna Stellato-Dudek. Mwaka 2000, akiwa anateleza peke yake kwa ajili ya Marekani, alipata fedha kwenye Mashindano ya Dunia ya vijana. Majeraha ya nyonga yakamwondoa akiwa bado binti mdogo. Akaenda kufanya kazi ya kutunza ngozi za watu. Miaka 16 akawa nje ya barafu. Mwaka 2016 akarudi, safari hii katika mchezo wa jozi, ambako mwanamke hurushwa na kubebwa juu ya kichwa cha mwenzake, yaani upande wenye hatari zaidi. Baadaye akaungana na Maxime Deschamps wa Kanada, na Machi 2024, mjini Montreal, mbele ya watu wa nyumbani kwa Deschamps, wakawashinda Miura na Kihara wa Japani waliokuwa wakitetea ubingwa. Deanna alikuwa na miaka 40. Hakuna mwanamke aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa mchezo huu akiwa na umri huo. Programu yao ndefu msimu ule ilikuwa ya wanyonya damu, viumbe wasiozeeka, na walivyoicheza ilikuwa na ukali ambao sijauona kwa jozi za watoto. Kabla yake Aljona Savchenko alikwishaonyesha njia: Olimpiki tano, dhahabu ikaja katika ya tano, Pyeongchang, akiwa na miaka 34, tena baada ya kumaliza wa nne kwenye programu fupi. Mwenzake Bruno Massot alikuwa amekosea mruko siku ile ya kwanza. Siku ya pili waliteleza kama watu wasio na lolote la kupoteza.

Tofauti hiyo kati ya jozi na wanaoteleza peke yao inasema mengi. Kwenye jozi, ukongwe una bei: kuaminiana hewani ni kitu cha miaka. Kwa wanawake wanaoteleza peke yao, bei yote imehamia kwenye miruko, na miruko ya mizunguko minne huwa rahisi zaidi kwa mwili mwembamba ambao haujakomaa. Ndiyo maana tuliona mabingwa wakitokea na kutoweka kwa misimu miwili. Juni 2022 Shirikisho la Kimataifa la mchezo huu lilikutana Phuket na kupiga kura 100 kwa 16 kupandisha umri wa kuingia daraja la wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, kwa hatua. Niliipokea habari hiyo kwa furaha, kwa ajili ya afya ya wale mabinti kwanza. Lakini kupandisha umri wa kuingia hakumsaidii mtu kubaki.

Kinachomtoa mkongwe ni jedwali la alama. Lutz, mojawapo ya aina za miruko, ikiwa ya mizunguko minne ina thamani ya msingi ya 11.50. Ni jambo la chini ya sekunde moja hewani. Mfululizo wa hatua wa daraja la nne, ambalo ndilo la juu kabisa, ambapo mtelezaji anavuka uwanja mzima akibadili kingo, akigeuka kulia na kushoto, mwili wote ukifanya kazi na muziki ukimbana, una thamani ya msingi ya 3.90. Nimeitazama tofauti hiyo mara nyingi na kila mara nahisi kuna mtu hakukaa akatazama. Najua majaji wana alama zao za mpangilio, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza, na kwamba mkongwe huvuna huko. Ila alama hizo zina kikomo, na huwa zinamfuata mwenye miruko mikubwa, kwa sababu jicho la jaji nalo hulewa.

Kostner alikutana na jambo hilo wazi kabisa Machi 2018, kwenye Mashindano ya Dunia yaliyofanyika Milan, nyumbani kwao. Kwenye programu fupi, wimbo wa Kifaransa wa mtu anayemwomba mwenzake asimwache, alipata alama 80.27 na kuongoza dunia nzima, mbele ya mabinti wa nusu ya umri wake. Usiku wa programu ndefu Debussy alirudi, miruko ikamkatalia, akamaliza wa nne. Nilisoma siku iliyofuata kwamba alipaswa kuacha mapema. Mapema lini? Kabla ya programu fupi bora kuliko zote alizowahi kuteleza?

Kwa hiyo ombi langu kwa mashabiki wenzangu, wa Kigoma na wa kwingine kote tunakosoma Kiswahili, ni dogo. Mkongwe wenu akitangaza programu mpya, mjadili programu. Muziki unamkaa? Hatua za mwaka jana zimebadilika wapi? Ameondoa mruko gani, na nafasi yake kaweka nini? Umri wake umeandikwa kwenye wasifu, haukimbii.

Na kwa wanaoandika kanuni, mimi ningeanza na ile 3.90. Lutz ya mizunguko mitatu, ambayo karibu kila mwanamke wa daraja la juu anaijaribu, ina 5.90. Mfululizo wa hatua wa daraja la nne ulingane nayo, usipungue hapo. Majaji tayari wana mizani ya kutoka kasoro tano hadi tano za ziada kwa kila kipengele, basi waitumie kutenganisha anayeteleza kwa ukingo na anayetembea tu juu ya barafu.