Kabla ya kuuliza ada, omba kuoneshwa stoo ya vifaa

Mpwa wangu alipomaliza sekondari na kusema anataka kusomea upigaji picha, ndugu wengi waliuliza swali moja tu: ada kiasi gani? Nami nilianzia hapo hapo. Nilichukua karatasi, nikapanga vyuo kuanzia cha bei ya chini, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa haijaanza.

Fani hii ina gharama ambazo huzioni kwenye fomu ya kujiunga. Kuna kamera, lenzi, flashi, stendi, kadi za kumbukumbu, kompyuta inayohimili mafaili mazito, programu ya kuhariri inayolipiwa kila mwezi, na mwisho kabisa fedha za kuchapisha picha za mtihani. Chuo chenye ada ndogo ambacho hakiazimi mwanafunzi hata stendi kinaweza kukukausha mfuko kuliko chuo cha ada ya wastani chenye stoo iliyojaa.

Tulitembelea viwili. Cha kwanza kilikuwa na studio ya kupendeza, lakini niliposogea karibu niliona taa bado zimevishwa plastiki ya kiwandani. Mwenyeji wetu akaeleza kwamba wanafunzi huzigusa wakifika mwaka wa mwisho. Cha pili, studio ilikuwa chumba kidogo ambacho rangi ya ukuta imebanduka. Mlangoni pa stoo, hata hivyo, palikuwa na daftari kubwa lililojikunja ncha kwa kushikwashikwa: jina, kifaa, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha, sahihi. Kijana mmoja alikuwa akirudisha lenzi ya milimita 50. Aliipuliza vumbi, akaikagua kioo kwenye mwanga wa dirisha, ndipo akasaini. Nilijua pale pale kuwa hapa watu wanapiga picha.

Mwanga haufundishiki kwa maneno. Mwalimu anaweza kukueleza mwaka mzima kwamba ukifungua tundu la lenzi hadi f/2, yaani pana sana, macho ya unayempiga yatatoka makali na mandhari ya nyuma yatafifia, au kwamba mkono unaopunga huwa ukungu kamera ikipokea mwanga kwa 1/30 ya sekunde na huganda kwa 1/1000. Utaelewa siku utakapoharibu picha mia mbili mwenyewe. Ndiyo maana nauliza studio hufunguliwa hadi saa ngapi, na kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kuingia.

Kisha nataka kuona kazi za wahitimu. Zikifanana zote, napata wasiwasi. Bernd Becher alianza kufundisha kwenye chuo cha sanaa cha Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 1976, huku yeye na mkewe Hilla wakijulikana kwa picha zao za matangi ya maji na mitambo ya viwanda, zote nyeusi na nyeupe. Wanafunzi wake hawakutoka nakala zake: Andreas Gursky alienda kwenye picha kubwa mno za rangi, Candida Höfer kwenye maktaba na kumbi zisizo na watu, Thomas Ruff kwenye sura zinazofanana na picha za pasipoti. Mwalimu wa namna hiyo nitamlipia.

Kuhusu mkopo mkubwa, msimamo wangu ni mkali: usichukue. Wapiga picha wengi hujiajiri, na kipato chao hupanda na kushuka kwa misimu, ilhali deni hudai kila mwezi bila kujali msimu. Mteja naye hukuambia umwoneshe kazi zako, cheti hakiulizi. Anayetaka kufundisha ana hesabu nyingine, maana huko cheti kina uzito. Kwa wengine, kuanza na stashahada kwenye chuo cha gharama nafuu kisha kuendelea na shahada ni njia nzuri, mradi chuo cha pili kithibitishe kwa maandishi kwamba kitayatambua masomo ya awali. Ahadi ya mdomo usiipokee. Na angalia kama wanafundisha mikataba, hakimiliki na kupanga bei. Nimeona vijana wenye jicho zuri wakifanya kazi ya siku tatu kwa malipo ya nauli.

Mpwa wangu alichagua chuo cha daftari. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa mmoja wa daftari lile. Jina lake limo mara nne.